Kikomo Kilipotelea Wapi?

Uliza timu yoyote ya programu kati ya Westlands na Kilimani wanafanyaje kazi, na jibu litakuwa lile lile: "Sisi ni ajaili, lakini tunaifanya kivyetu." Bado sijapata timu inayofuata kitabu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Hawa wana sprinti za wiki mbili, lakini ubao wao unapokea kazi mpya kila siku. Wale wana kikao cha kusimama kila asubuhi, dakika 15 kamili, kisha maamuzi yote ya maana yanafanywa kwa WhatsApp saa nne usiku.

Hiyo "kivyetu" ndiyo nataka tuichambue. Kuna wataalamu wanaoicheka. Wanasema Wakenya hatusomi maagizo, tunachanganya Skramu na Kanbani kama mtu anayetia royco kwenye kila sufuria. Mimi siwafuati hapo. Ukisoma historia ya hizi njia za kazi utaona zote zilizaliwa kwa kuchanganywa, na hakuna hata moja iliyofika kwetu ikiwa safi. Kuchanganya ni sawa kabisa. Swali langu ni lingine: mtu akichanganya, anaacha nini nje, na kikiachwa nje anaumia nani?

Tuanze Japani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Toyota ilikuwa kampuni ndogo isiyo na pesa za kujaza maghala ya vipuri kama Ford na General Motors. Mhandisi wake mmoja, Taiichi Ohno, alivutiwa na jinsi supamaketi za Marekani zilivyofanya kazi. Mteja anachukua anachohitaji kwenye rafu, na rafu inajazwa tu pale kitu kimetoka. Ohno akalileta wazo hilo kiwandani. Karakana ya mbele ndiyo inayokuja kuchukua vipuri kwa karakana ya nyuma, kwa kiasi inachohitaji, na kadi ndogo inarudi nyuma kusema: sasa tengeneza vingine. Kufikia 1953 mpango huo ulikuwa ukitumika kwenye karakana ya mashine ya kiwanda kikuu cha Toyota. Ile kadi ndiyo kanbani.

Watu wanakumbuka kadi na kusahau sheria yake. Bila kadi, hutengenezi kitu. Na kwa kuwa kadi zina idadi, kazi iliyoko njiani haiwezi kupita idadi hiyo. Kikomo hakikuwa ushauri wa meneja mwenye roho safi. Kilikuwa sehemu ya mtambo, kama breki. Palikuwa na kitu kingine pia kwenye laini ya Toyota: mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro, alikuwa na haki ya kuvuta kamba na kusimamisha laini nzima. Hiyo kamba nitairudia.

Njia ya pili ilitoka kwenye raga. Mwaka wa 1986 wasomi wawili wa Japani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika makala kwenye jarida la Harvard Business Review. Walikuwa wamechunguza kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox zilivyobuni bidhaa mpya kwa haraka. Njia ya zamani waliilinganisha na mbio za kupokezana vijiti: idara moja inamaliza, inampa mwenzake, inakaa chini. Kampuni zilizofanya vizuri zilikimbia kama timu ya raga, wote pamoja, mpira ukienda mbele na nyuma. Mtu yeyote aliyewahi kushangilia Shujaa anajua skramu ni nini: mabega kwa mabega, hakuna anayesukuma peke yake.

Mwaka wa 1993 Jeff Sutherland, akiwa kampuni ya Easel kule Marekani, alilichukua neno hilo na kulifanya njia ya kuandika programu. Mwaka wa 1995 yeye na Ken Schwaber waliieleza hadharani kwenye kongamano la OOPSLA. Skramu ilikuwa na mapigo yake: kipindi kifupi chenye tarehe ya mwisho, kinachoitwa sprinti, orodha ya kazi ambazo timu imekubali, na mwishoni, kitu kinachofanya kazi, ambacho mteja anaweza kukishika. Hiyo ndiyo presha yake. Lakini Skramu ilikuwa na ulinzi wake pia. Sprinti ikianza, mlango unafungwa. Bosi akipata wazo jipya Jumatano, wazo linaingia kwenye orodha inayosubiri, na timu italijadili sprinti ijayo. Timu iliahidi tarehe kwa sababu iliahidiwa mlango. Hayo yalikuwa makubaliano, na yalikuwa na pande mbili.

Februari 2001, wanaume 17 walikutana kwenye hoteli ya watelezaji wa theluji huko Snowbird, Utah. Hapo ndipo neno "ajaili" lilipobatizwa. Kinachosahaulika ni kwamba watu hao hawakuwa wa dini moja. Schwaber na Sutherland walikuja na Skramu yao. Kent Beck alikuja na njia aliyoiita Extreme Programming. Alistair Cockburn alikuwa na yake, Crystal. Arie van Bennekum alitoka Uholanzi akiwakilisha DSDM. Walikuwa washindani waliokuwa wakiuza vitabu na mafunzo tofauti. Walichotoka nacho, ile Manifesto yenye thamani nne na kanuni 12, ni mapatano ya washindani. Yaani hata cheti cha kuzaliwa cha ajaili ni mchanganyiko.

Kati ya zile kanuni 12 kuna moja ambayo huwa siioni kwenye mabango ya ofisini. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba wanaolipia kazi, wanaoiandika na wanaoitumia wanapaswa kuweza kwenda kwa mwendo ule ule bila kuchoka, siku zote. Mwendo wa kudumu. Watu wanaikariri ile ya kukaribisha mabadiliko hata dakika za mwisho, hii wanairuka.

Kanbani haikuwa mezani Snowbird. Iliingia kwenye programu miaka mitatu baadaye, na ilipoingilia ni mahali panapotuhusu sisi. Mwaka wa 2004, David J. Anderson alikuwa Microsoft, akimsaidia meneja mmoja mwenye timu iliyokuwa ikilaumiwa kila wiki. Makao makuu ya Microsoft yako jimbo la Washington, lakini hiyo timu ilikuwa Hyderabad, India. Haikuwa inajenga kitu kipya cha kupigiwa makofi. Ilikuwa timu ya kutengeneza hitilafu na kufanya marekebisho madogo kwenye programu za ndani za kampuni. Watu wachache, mbali na wanaowapa kazi, wakipokea maombi kutoka kila upande. Ombi moja lilichukua karibu miezi mitano kukamilika.

Anderson na meneja huyo walipochunguza waligundua kwamba sehemu kubwa ya muda wa timu ililiwa na makadirio. Kila ombi likija, waandishi wa programu waliacha kazi waliyoshika ili wakadirie itachukua siku ngapi, na maombi mengi yaliyokadiriwa hayakuwahi kufanywa. Basi wakaacha kukadiria. Wakaweka kikomo cha kazi zinazoweza kuwa mkononi kwa wakati mmoja. Nafasi ikipatikana, wenye maombi wanakaa pamoja na kuamua wenyewe nini kiingie. Katika muda wa miezi tisa, kungoja kulishuka kutoka karibu miezi mitano hadi takriban wiki mbili. Hakuna aliyeambiwa akaze msuli. Kilichofanyika ni kupunguza kazi zilizo mkononi kwa pamoja.

Mwenzake Anderson, Corey Ladas, aliyefanya kazi naye baadaye katika kampuni ya Corbis, ndiye aliyeupa mchanganyiko jina. Mwaka wa 2009 alitoa kitabu kuhusu Skrambani, Skramu na Kanbani zikipikwa pamoja. Hoja yake ilikuwa hivi: anza na Skramu kama unaijua, kisha weka kikomo kwenye kila safu ya ubao. Usipange kazi kwa sababu kalenda imesema ni Jumatatu. Panga foleni inapokaribia kuisha, kama vile mama mboga anavyoenda Marikiti sukuma ikibaki mafungu machache. Tazama vizuri alichofanya Ladas. Aliulegeza mlango wa Skramu, kweli. Lakini mahali pa mlango aliweka kikomo. Hakuondoa ulinzi mmoja bila kuleta mwingine.

Wakati hayo yakiendelea huko, Nairobi haikuwa imelala. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu huduma ya pesa kwa simu na wateja wapatao 500, Nairobi na Thika. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walikuwa wameipanga kwa ajili ya wakopaji wa Faulu Kenya, ili walipe mikopo yao kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye kikundi. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Uingereza. Majaribio yalipoendelea, wateja wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wakatumiana pesa wao kwa wao. Wakalipiana madeni. Kumbe shida kubwa ya Mkenya ilikuwa kutuma pesa, si kulipa mkopo.

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ile hadithi ya mikopo ilikuwa imewekwa kando. Ilibaki huduma moja inayoeleweka na shosho: tuma pesa nyumbani. Sisemi walikuwa wakifanya Skramu au Kanbani. Nasema walikuwa na vitu viwili tunavyovizungumzia. Majaribio yalikuwa na mipaka: watu wachache, sehemu chache. Na ilipofika saa ya kuamua, walipunguza. Mtu akikuambia M-Pesa ni ushahidi kwamba Wakenya tunaweza kufanya mambo yote kwa pamoja, mwambie asome tena.

Mfano wa pili ni Ushahidi. Tarehe 3 Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna mtu wa teknolojia anayeweza kuweka matukio ya vurugu kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambaye wakati huo aliishi Alabama, wakaitikia. Siku chache tu baadaye tovuti ilikuwa hewani, ikipokea taarifa za watu wa kawaida. Miaka miwili baadaye ramani hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Machi 2010, watu hao hao walikuwa nyuma ya kufunguliwa kwa iHub, ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre, Ngong Road, na kizazi kizima cha waandishi wa programu kikajifunzia kazi hapo.

Ushahidi ni hadithi nzuri na inastahili sifa zake. Lakini naona iliacha mazoea ambayo waanzilishi wake hawakuyaomba. Ule mwendo wa siku chache bila usingizi ulikuwa mwendo wa dharura. Watu walikuwa wanakufa. Dharura huisha, watu wakalala. Ofisi zilizokuja baadaye zilipenda mwendo, zikasahau sababu yake. Leo unaweza kukesha kwa sababu mteja anataka kitufe kiwe cha kijani. Ukiuliza, unaambiwa hapa tunafanya kazi kama kampuni changa, hapa tuna njaa ya ushindi.

Sasa tuwe wakweli kuhusu kwa nini timu zetu huchanganya. Sababu zipo, tena nzito. Biashara nyingi ndogo za programu hapa zimeshikana na mifumo ya watu wengine. Tangu Safaricom ifungue Daraja mwaka wa 2017, ili programu yoyote iweze kuunganishwa na M-Pesa, duka la mtandaoni, sacco na hata kanisa vinaweza kupokea malipo moja kwa moja. Siku malipo yakikwama, simu inalia, na huwezi kumwambia mwenye sacco asubiri sprinti ijayo. Serikali nayo ikisema kila biashara itoe ankara kupitia eTIMS ya KRA, mwenye programu ya duka hana anasa ya kufunga mlango. Skramu iliyonyooka inavunjika mbele ya mambo kama hayo. Timu inayojenga na kutengeneza kwa wakati mmoja inahitaji sprinti kwa kile kinachojengwa na foleni kwa kile kinachoharibika. Mchanganyiko huo una akili.

Kuna mchanganyiko mwingine, na huo nimeuona kwa macho.

Mimi sikumaliza chuo. Niliacha mwaka wa tatu karo ilipogoma kulipika, nikarudi huku Nkoroi, nikaanza kuandika kwa malipo. Sehemu kubwa ya kibarua changu ni maandishi ambayo hakuna mtu husoma kwa raha: maelezo ya kuwasaidia watumiaji wa programu, barua za kusema toleo jipya limebadilisha nini. Ili niandike, lazima niingizwe kwenye ubao wa timu nijue kinachoendelea. Nimeona mbao nyingi. Kuna mmoja uliokuwa na watu wanne, na safu ya "Inafanywa" ilikuwa na kadi 23. Sprinti ilikuwa iishe Ijumaa. Kadi mpya ziliingia Jumanne, Jumatano na Alhamisi, zote zikiwa na alama nyekundu. Ijumaa ilipofika, timu ikaulizwa mbona haikutimiza ahadi.

Ukiitazama timu hiyo kwa jicho la historia, utaona ilichukua tarehe kutoka Skramu na foleni isiyofungwa kutoka Kanbani. Mlango wa Skramu iliuacha Utah. Kikomo cha Kanbani ilikiacha Japani. Presha mbili zikavuka bahari, na ulinzi wote wawili ukabaki bandarini.

Na anayeumia ana sura. Rafiki yangu tunayekaa naye ploti moja alikuwa mpimaji wa programu kwenye kampuni nyingine, kandarasi ya miezi mitatu mitatu. Kazi zake zilihesabiwa kwa pointi za kadi alizofunga. Lakini kwa kuwa yeye ndiye aliyeujua mfumo vizuri, kila kitu kikiharibika alitafutwa yeye, na alitafutwa kwa simu. Kandarasi yake ya tatu haikufanywa upya. Aliambiwa kasi yake imeshuka.

"Kwani hizo dharura hukuwa unaziandika?" nikamuuliza.

"Niandike saa ngapi? Meseji inaingia saa tano usiku, 'hebu cheki hii haraka tafadhali'. Nikimaliza ni asubuhi, na kwenye ubao ni kama nilikuwa nimelala."

Hapo kuna somo la kiufundi kabisa, tusilifanye la huruma pekee. Kanbani inataka kila kazi ionekane, na dharura iwe na njia yake kwenye ubao, njia yenye nafasi moja au mbili, ili wote waone dharura imekula nini. Kampuni ile ilihesabu za mchana na kula za usiku bure. Namba ilisema mtu ni mvivu kwa sababu namba ilihesabu nusu ya kazi.

Mbona hakukataa? Swali hilo huulizwa na watu wenye barua ya kudumu. Septemba 2019, Andela, kampuni iliyojijengea jina kwa kufundisha vijana na kuwaunganisha na kampuni za ng'ambo, ilitangaza kuwaachisha waandishi chipukizi wapatao 400 Nigeria, Uganda na Kenya, ikisema soko lilitaka wenye uzoefu zaidi. Siwasimangi. Nataka tu uelewe hofu ambayo kizazi chetu kiliingia nayo kazini. Kikomo kinahitaji mtu wa kusema "imetosha", na mtu wa kandarasi ya miezi mitatu ndiye wa mwisho kuthubutu.

Maneno nayo yana sehemu yake kwenye mkasa huu. Mwaka wa 2012 Henrik Kniberg na Anders Ivarsson waliandika jinsi Spotify ilivyopanga wahandisi wake: vikundi vidogo walivyoviita "squads", vikikusanyika kwenye makundi makubwa yaliyoitwa "tribes". Wenyewe walionya kwamba hiyo ilikuwa picha ya siku moja, kampuni ikiwa bado safarini. Dunia haikusikia onyo. Mabenki na kampuni za simu kote zikainakili picha, na Nairobi matangazo ya kazi yakaanza kutafuta "Tribe Lead", Safaricom ikiwemo. Fikiria hilo neno linatua nchi gani. Nchi iliyoanza 2008 kwa kuulizana kabila kwenye vizuizi vya barabara, ikapata Ushahidi kwa sababu hiyo hiyo, sasa inaweka kabila kwenye cheo cha ofisini na kutabasamu.

Na "squad" je? Panda matatu yoyote ya Magadi Road, 125 au 126, uwaulize. Skwodi ni dereva au kondakta asiye na gari lake. Anashinda steji, anapewa raundi moja au mbili mwenye zamu akienda kula, analipwa jioni bila barua na bila NSSF. Kesho asipoitwa, hakuna wa kumlalamikia. Spotify ilimaanisha kikundi kinachojiamulia mambo yake. Lakini nikiangalia kandarasi za rafiki zangu, naona maana ya steji ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Kando ya barabara hiyo hiyo, chini kidogo ya ploti yetu, kuna fundi wa mageti. Ana mashine moja ya kuchomelea na vijana wawili. Hashiki mageti zaidi ya matatu kwa wakati mmoja, hata mteja aje na pesa taslimu. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, mbona usichukue tu pesa ya kuanzia, geti lingoje?"

Akasema, "Kijana wangu, nikishika geti la nne, nitaanza kudanganya watu wanne."

Hajui Ohno ni nani, na hesabu ni ile ile. Ila fundi anaweza kusema hapana kwa sababu mashine ni yake.

Mambo yameanza kusemwa kwa lugha ya sheria pia. Mwaka wa 2022, Seneta Samson Cherargei wa Nandi alileta mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira, ili mfanyakazi awe na haki ya kutopokea simu na jumbe za kazi baada ya saa za kazi. Shirikisho la Waajiri, FKE, liliupinga. Ubishi wenyewe unaonyesha kwamba swali la kikomo limetoka kwenye ubao wa vikaratasi na kufika Bunge. Na bado ni swali lile lile la karakana ya Toyota: kazi ngapi ziwe mkononi, na nani mwenye haki ya kusema zimefika?

Kwa hivyo, kama unaenda kwenye mahojiano ya kazi wiki hii na ukaambiwa "tunafanya ajaili kivyetu", usicheke na usiogope. Uliza maswali manne. Kazi mpya ikija katikati ya wiki, inaingilia wapi na kwa ruhusa ya nani? Mtu mmoja huwa na kadi ngapi mkononi? Dharura za usiku zinaandikwa na kuhesabiwa, au zinapita kwa WhatsApp kama upepo? Na ubao ukijaa, ni nani hapa amewahi kusema hapana akabaki na kazi?

Swali la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalotuleta kwenye ile kamba. Ubao ulikuwa rahisi kunakili. Vikaratasi vya rangi vinauzwa kila duka la vitabu mjini, na programu za kupanga kazi nyingi unaanza nazo bure. Kamba ya kusimamisha laini hainunuliwi. Toyota iliweza kuiweka kwa sababu iliamua kwamba mfanyakazi anayesimamisha kazi kwa sababu nzuri anaiokolea kampuni pesa. Timu ya Hyderabad iliweza kwa sababu meneja mmoja alikubali kusimama mbele ya wakubwa na kusema hatutakadiria tena, na foleni ina mwisho.

Rafiki yangu sasa ana kandarasi nyingine, timu ndogo ya watu watano. Wana sprinti, wana foleni, na wana safu ya dharura yenye nafasi moja tu. Ikijaa, anayetaka kuongeza lazima achague atatoa nini. Wiki ya kwanza aliniambia anaona kama ofisi imepoa sana, hadi akashuku hakuna kazi. Kazi ilikuwepo. Wiki hiyo walifunga kadi tisa, na zote tisa zilifika kwa wateja.